RIMU ZA MBWEMBWE ZINAKULA FAIDA YAKO

Mfanyabiashara mwenzangu, kama gari yako ya mzigo inakunywa wese kuliko zamani, kabla hujamlaumu fundi hebu angalia chini. Umebadilisha rimu? Umepandisha saizi ya tairi?

Gari ikikimbia inasukuma upepo, na kazi hiyo inalipiwa na mafuta. Wengi tunadhani upepo unagonga kioo na bodi tu. Kumbe kwenye gari ndogo, matairi na uwazi unaoyazunguka huchangia karibu robo ya ukinzani wote wa upepo.

Kwa nini? Kwa sababu tairi linazunguka. Ukiwa spidi 80, sehemu ya juu ya tairi inakwenda mbele kwa spidi 160, mara mbili ya gari yenyewe. Na rimu yenye matundu makubwa inaukoroga upepo kama mwiko kwenye sufuria. Nguvu ya kukoroga inatoka kwenye injini, na injini inaichukua kwenye tenki lako.

Mfano huu hapa. Huko Marekani, vipimo rasmi vya gari ya umeme ya Tesla Model S Plaid ya 2022 ni hivi: kwa rimu za inchi 19, chaji moja inakwenda kilomita 637. Kwa rimu za inchi 21, kilomita 560. Gari ileile, betri ileile, zimepotea kilomita 77! Si upepo peke yake, maana rimu kubwa pia ni nzito na tairi zake hazitelezi kirahisi barabarani. Lakini yote yameletwa na magurudumu.

Sasa wewe fanya hivi:

1. Baki na saizi ya kiwandani. Tairi pana na rimu kubwa ni za kupendeza, si za kuleta hela.

2. Usitupe vifuniko vya rimu. Prius nyingi zinakuja na vifuniko vya plastiki juu ya rimu ya alumini. Kazi yake ni kupitisha upepo vizuri. Ila usijitengenezee vya kuziba kabisa, breki zinahitaji hewa.

3. Punguza spidi safarini. Ukitoka 80 kwenda 100, nguvu ya upepo inaongezeka kwa zaidi ya nusu.

4. Pima upepo wa tairi asubuhi, kabla halijapata moto. Kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kama unazunguka mjini tu kwa spidi 30 au 40, upepo wa nje haukusumbui sana. Kwako wewe namba 1 na namba 4 ndiyo muhimu, kwa sababu ya uzito na tairi laini.

Usiniamini kwa maneno, pima. Jaza tenki, andika kilomita, piga ruti yako ya kawaida, kisha jaza tena. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Badilisha kitu kimoja, rudia ruti ileile na mzigo uleule.

Tuseme umeokoa lita 2 tu kwa wiki. Kwa mwaka ni lita 104. Zidisha na bei ya mafuta hapo kwenu, uone mtaji uliokuwa unapeperushwa na upepo.

Mtumie na mwenzako mwenye gari ya biashara.