Je, Wajua? Nani Anakalia Viti vya Sinema

Je, wajua kuwa mwaka 1946 Waingereza walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.6? Ukizigawa kwa watu wote wa nchi ile, vichanga na vikongwe, kila mmoja anapata zaidi ya 30 kwa mwaka. Kufikia 1984 zilikuwa zimebaki kama milioni 54. Simu ya mkononi tusiisingizie. Hiyo kazi ilianzwa na televisheni.

Waliotangulia kutoweka ni wazazi. Miaka ya 1950 televisheni ilipoingia sebuleni, baba na mama walijikalia nyumbani. Vijana waliendelea kwenda, maana nani anataka kumpeleka mchumba sebuleni kwa mama yake?

Je, wajua kuwa watoto wa Uingereza walikuwa na Jumamosi asubuhi yao? Katuni, makauboi, na hadithi ya mfululizo iliyokatwa shujaa akiwa ananing'inia kwenye jabali. Wiki ijayo utaacha kurudi?

Unguja, wanawake walikuwa na maonyesho yao pekee, wanaume marufuku. Jumapili usiku ilikuwa zamu ya familia nzima: bibi, mama na wajukuu safu moja, filamu ya Kihindi mbele yao, na nje walanguzi wakiuza tiketi kwa bei wanayotaka. Kwa maoni yangu, hakuna jumba la leo, liwe na viti vya kulala na ubaridi wa kugandisha, lililowahi kukusanya rika nyingi hivyo.

Je, wajua kuwa sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari ilianza Camden, New Jersey, mwaka 1933, na ilitangazwa kwa wazazi kuwa makelele ya watoto si hoja? Dar es Salaam ilipata yake 1966, pale Msasani ulipo sasa Ubalozi wa Marekani.

Sheria nayo huchagua nani aingie. Mwaka 1951 Uingereza ilianzisha daraja X, chini ya miaka 16 haruhusiwi. Mwaka 1970 ikapandisha hadi 18. Marekani ilibuni PG-13 mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamikia filamu ya Indiana Jones ambamo mtu anang'olewa moyo.

Kwetu, kanda za video zilileta kibanda umiza: benchi la mbao, joto, televisheni moja, na sauti ya mtafsiri kama Lufufu ikifunika ya mwigizaji. Wateja wakawa wavulana. Yule bibi wa Jumapili hakukanyaga.

Je, wajua kuwa mwaka 2022 vijana walijazana kwa suti na tai kutazama katuni ya Minions, hadi baadhi ya majumba Uingereza yakawazuia wenye suti mlangoni? Ndio hao wanaosemwa hawatoki kwenye simu.

Wazee nao wamo. The King's Speech ya 2010 iliwarudisha wengi ukumbini, na Uingereza kuna majumba yenye maonyesho ya mchana kwa waliopita miaka 55, tiketi nafuu, chai na biskuti juu yake. Wenye majumba wa Dar na Nairobi, Jumanne saa nane mchana mnawangoja nani? Waiteni wazee.