Kiwanda cha Chapa Kifungue Milango

Tarehe 9 Desemba 1936 Sultani Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 katika kiti cha Unguja. Visiwa viliadhimisha jubilei hiyo, na Posta ikatoa stempu maalumu zenye sura yake. Stempu hizo, hata hivyo, hazikupigwa chapa hapa. Zilitengenezwa Uingereza, zikavushwa bahari. Na mwananchi akazibandika barua zake pasi na kuiona mikono iliyozifanya.

Wala kazi ya chapa haikuwa ngeni Unguja. Tangu miaka ya 1860 wamisionari walichapa hapa vitabu vya Kiswahili. Karibu na mwaka 1880 Seyyid Barghash aliweka mtambo wake uliotoa vitabu vya dini na sheria kwa Kiarabu, kikiwamo Qamus al-Sharia, kitabu cha majuzuu 90 ambacho uchapaji wake haukufikia ukomo. Mwaka 1892 likaanza gazeti rasmi.

Shangwe za jubilei zilipita, na ufalme wenyewe ukakoma Januari 1964. Karatasi zingalipo, nazo ndizo zinazotusimulia. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twashauri kwamba, katika siku za sherehe za Taifa, kiwanda cha chapa cha Serikali kitenge siku moja ya kuwakaribisha wananchi. Wanafunzi waonyeshwe jinsi fundi wa zamani alivyopanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, ili zisomeke sawa karatasini. Kisha waone mitambo ya leo, meza ya msahihishaji, na kazi ya kukata na kujalidi. Huenda miongoni mwao akapatikana fundi wa kesho.

Maofisa nao wafike. Watatambua kwamba mswada uliochelewa mezani kwao huwakesha mafundi, na kwamba neno moja lililokosewa katika sheria laweza kumpotezea mtu haki yake.

Yupo atakayesema kwamba kiwandani mna siri. Ni kweli, karatasi za mitihani na nyaraka za siri zifungiwe siku hiyo. Lakini ufundi si siri. Usiporithishwa kwa vijana wetu, tutaendelea kununua ng'ambo kile ambacho Unguja ilikifanya zaidi ya miaka mia moja iliyopita.