Klorini na Kipindupindu Ziwani Tanganyika

Kagunga ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Burundi. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi walijazana katika ufuko huo mwembamba, wakinywa maji ya ziwa ambalo, kwa uhaba wa vyoo, lilipokea pia uchafu wao. Kipindupindu kikazuka. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi huo watu wapatao 3,000 walikuwa wameugua na 31 walikwisha kufa. Wakimbizi walichukuliwa hadi Kigoma kwa meli ya Liemba, iliyoshushwa majini mwaka 1915. Katika vita hivyo klorini ilikuwa miongoni mwa silaha kuu.

Klorini iingiapo majini hufanya asidi ya hipoklorasi. Molekuli zake hazina chaji ya umeme, hivyo hupenya kwa wepesi ndani ya bakteria, zikaharibu utando, protini na vimeng'enya kwa wakati mmoja. Tetrasaiklini, dawa ya kumeza, haifanyi hivyo. Yenyewe hung'ang'ania mahali pamoja tu, yaani ribosomu, kiwanda cha protini. Bakteria mwenye pampu ya kuitema dawa hiyo hunusurika, na jeni za pampu huweza kupitishwa kwa bakteria wengine.

Tanzania iliyaona hayo mapema. Katika mlipuko ulioanza mwaka 1977 tetrasaiklini ilitumiwa kwa wingi, kutibu wagonjwa na kuwakinga hata wasiougua. Mwanzoni bakteria waliopimwa waliuawa na dawa hiyo. Baada ya miezi 5 tu, asilimia 76 walikuwa sugu. F. S. Mhalu na wenzake walitangaza matokeo hayo mwaka 1979.

Je, klorini haina mpinzani? Anaye, ingawa wa namna nyingine. Vibrio cholerae huweza kujifunika ute mzito, makundi yake yakaonekana yenye mikunjo, na bakteria hao huvumilia klorini kuliko wenzao. Tope nalo huila klorini kabla haijawafikia bakteria. Kwa hiyo kipimo kinachotosha maji maangavu ya ziwa hakitoshi maji ya Mto Malagarasi, ambayo yafaa yachujwe kwanza. Baada ya nusu saa, miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini ziwe bado zimesalia katika kila lita.