Ukurasa wa 83, mahali baba alipoachia

Kama wewe ni mtu wa vitabu na unaishi Nairobi, lazima umewahi kupitilizwa steji. Ulikuwa umekaa dirishani, muziki wa matatu unatikisa hadi vioo, makanga anakudai nauli mara ya pili, nawe huko uliko ni Unguja, unamfuata Yasmin wa Vuta N'kuvute mtaa kwa mtaa. Kuinua kichwa, Donholm imeshapita na gari linakaribia Kayole. Ukashuka ukijicheka, ukarudi kwa miguu kwa sababu mfukoni mlikuwa na nauli ya kesho tu. Nyumbani ukasema kulikuwa na jam.

Basi haya nakuandikia wewe. Kuna watu ambao kila mwaka hutuambia kwamba kijana wa siku hizi hasomi, na sina hamu ya kubishana nao. Ninachojua ni kwamba jioni nikipita Tom Mboya nakuta watu wa rika langu wameinama.

'Inama' unaijua, lakini wacha nieleze kwa ajili ya yule aliyefika mjini jana. Ni wale wauzaji wanaotandaza vitabu kwenye magunia kando ya barabara. Rafu hakuna, kwa hivyo ukitaka kitabu sharti uiname. Utaratibu pia hakuna. Kitabu cha uhandisi chenye mhuri wa maktaba fulani ya Marekani kimelalia riwaya ya mapenzi iliyokatika jalada, chini yake kuna kamusi isiyo na herufi A, na chini kabisa, siku ukibahatika, kuna riwaya ya Kiswahili ambayo maduka makubwa yaliacha kuiweka zamani.

Sheria ya kwanza ya inama ni kuficha mapenzi. Ukikumbatia kitabu, bei imeshapanda kutoka finje hadi soo mbili. Mimi huanza kwa kuulizia kitabu nisichokitaka. Nakunja uso, nakiweka chini, halafu naokota kile ninachokitaka kama mtu aliyechoka na maisha. "Na hiki?" Muuzaji wangu wa kawaida alinigundua kitambo. Siku hizi ananiambia tu, "Siste, wacha mchezo. Leta soo."

Msimu mtamu zaidi ni ule ambapo vitabu vya fasihi vya KCSE vinabadilishwa. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipotoka na Chozi la Heri ya Assumpta Matei kuingia, Kidagaa zilimwagika barabarani kama nyanya wakati wa mavuno. Nilinunua moja kwa bei ya mandazi matano. Pembeni mwa kurasa, mwanafunzi fulani alikuwa ameandika kwa penseli yale mwalimu aliyomwambia: "sadfa", "kinaya", "sadfa tena". Akaendelea hivyo kwa bidii ya mtu anayeogopa mtihani. Karibu na mwisho aliacha kutaja mbinu za uandishi, akaandika tu "Woi!" Simjui, lakini nahisi tungeelewana.

Hapa kuna jambo sipendi kulisema ila nitalisema. Baadhi ya vitabu vya inama vinavyong'aa kwa upya si mitumba. Ni nakala za wizi. Karatasi ni nyembamba, picha ya jalada imefifia, na mistari ya chini imekatwa katikati. Ukinunua hicho, mwandishi hapati hata ndururu. Ile PDF unayotumiwa kwenye WhatsApp ni ndugu yake. Nimewahi kununua, nimewahi kupakua, sitajifanya mtakatifu mbele yako. Tofauti ni kwamba cha mitumba kililipiwa angalau mara moja na mtu fulani mahali fulani. Kile cha wizi hakijawahi kumlisha mwandishi. Kwa hivyo siku hizi nikikauka mfukoni naenda maktaba.

Na maktaba zipo, hata kama wewe hupita nje tu ukikimbilia gari. McMillan, ile ya Banda Street yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931. Enzi hizo za mkoloni Mwafrika hakuruhusiwa kukaa humo asome. Kila nikipanda zile ngazi humsalimu simba mmoja kimoyomoyo, nikimkumbusha kwamba mambo yamebadilika. Lakini zilizonilea ni zile ndogo za Eastlands, matawi yake ya Makadara na Kaloleni. Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeyakarabati matawi hayo mawili. Ukienda Jumamosi utakuta mtoto amelala kifudifudi juu ya kitabu cha picha, na kando yake mtu wa chuo anayeandika barua ya kuomba kazi. Mimi nilisomea mitihani yangu hapo kwa sababu nyumbani tulikuwa watu watano ndani ya chumba kimoja na televisheni ya jirani ilisikika kama iko kwetu.

Raha nyingine huja mahali usipoitarajia. Mwaka jana nilikwenda kusukwa Umoja, zile rasta nyembamba zinazokula saa sita nzima. Nikafungua Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Msusi akaniuliza ninachekea nini, nikamsomea mistari kadhaa. Akasema ongeza sauti. Ndani ya nusu saa saluni nzima ilikuwa Sagamoyo. Mama aliyekuwa chini ya drayer akatoa kichwa asipitwe. Mteja mwingine akaapa kwamba huyo Majoka anamjua, ni landlord wake. Tukabishana hadi jioni, na kwa hasira ya pamoja dhidi ya Majoka msusi akanipunguzia mia mbili.

Halafu kuna hasara. Wewe pia unayo orodha ya watu waliosema "nitarudisha wiki ijayo". Mimi niliwahi kuwa na jamaa, kijana mzuri tu, nikamwazima Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Tukatengana. Kitabu hakikurudi. Baada ya miezi mitatu nilimwandikia ujumbe nikikidai, naye akadhani nataka turudiane, akanijibu kwa aya mbili za kunifariji. Nilikuwa nataka kitabu changu.

Hiyo nakusimulia ucheke. Hasara niliyokusudia kukueleza ni nyingine.

Babangu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye godauni moja Industrial Area. Shule aliachia darasa la saba. Alikuwa mteja wa inama kabla mimi sijazaliwa, na ndani ya jalada la kila kitabu aliandika tarehe na bei, kana kwamba anajiandikia risiti. Siku Njema ya Ken Walibora ilitoka 1996, na kwenye nakala yake ameandika: "Sh 80. Mvua." Sijui kwa nini aliandika mvua. Nadhani ilikuwa inanyesha.

Alisoma kwa tochi zamu ya usiku, asubuhi anafika nyumbani akiwa na macho mekundu, na huku nikinywa chai kabla ya kwenda shule ananisimulia. Hivyo ndivyo nilivyomjua Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga anayesafiri hadi Kitale kumsaka babake, kabla sijaweza kusoma hata sentensi nzima peke yangu. Baba alikuwa na tabia ya kukata hadithi pale inapokolea, eti nisichelewe. Nilikuwa naenda shule nikimnunia. Nilijifunza kusoma haraka kuliko watoto wengine wa ploti yetu, na sababu haikuwa akili. Nilichoka kungojea.

Aprili 2020, wakati wa kafyu, tukasikia kwamba Ken Walibora amefariki. Alikuwa amegongwa na matatu kwenye Barabara ya Landhies, barabara ambayo sisi watu wa Eastlands tumeivuka mara zisizo na idadi. Baba alizima redio akakaa kwenye stuli muda mrefu. Hakusema lolote la maana, aliuliza tu kama kuna chai. Baadaye nikamwona akipekua boksi la vitabu. Alitoa Siku Njema, akaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza.

Mwezi uliofuata kampuni aliyokuwa akiifanyia ikapunguza watu, naye alikuwa mmoja wao. Kodi ikalimbikizana. Mamangu alikuwa na meza ya mboga lakini wateja wenyewe walikuwa wamefungiwa nyumbani bila kazi. Nikapakia vitabu vyangu kwenye maboksi mawili, nikavipeleka kwa yule yule muuzaji wangu. Alinipa elfu tatu na mia mbili. Kwa mara ya kwanza sikubishana bei, na yeye hakutania. Baba hakunizuia nisiuze. Aliniomba tu nimwachie kile alichokuwa anasoma.

Aliaga dunia 2021. Ilikuwa figo. Mara mbili kwa wiki alikuwa akipelekwa kusafishwa damu, mama akimsindikiza, na kitabu kilikuwa ndani ya mfuko mmoja na chapati zao na kadi ya hospitali. Alikuwa anasoma polepole mno wakati huo, ukurasa mmoja, kurasa mbili, kisha analala. Tuliporudishiwa vitu vyake, ile kadi ya kliniki ilikuwa imechomekwa ukurasa wa 83.

Nimesoma Siku Njema mara nne maishani, mwisho wake naujua. Lakini nakala hiyo sikuweza kuigeuza ukurasa. Nilikuwa naifungua, naiona kadi, naifunga. Binamu yangu aliniambia ni kitabu tu. Nikamwambia ni kweli, tukaendelea kula.

Maisha yalisonga. Nilipata kazi ya kupokea simu za wateja, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi nanunua kitabu kimoja kipya dukani, kwa bei yake kamili, na viwili vya inama. Nilipohamia keja yangu mwenyewe, mtu wa mkokoteni aliinua boksi moja akalirudisha chini.

"Madam, humu umeweka mawe?"

"Ni vitabu."

"Vyote umesoma?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nusu bado. Alicheka sana, kisha akaniongezea soo kwenye bei.

Vile nilivyouza bado navitafuta. Nilikuwa nimeandika jina langu ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, kwa hivyo nikiona kitabu ninachokikumbuka hukifungua kwanza kabla ya kuuliza bei, nikivunja ile sheria yangu mwenyewe. Kimerudi kimoja pekee, Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Si mimi niliyekiona. Ni muuzaji, akakiweka kando akingoja nipite. Chini ya jina langu kulikuwa na majina mengine mawili, moja limeandikwa kwa wino wa kijani. Nilikuwa nimemwuzia kwa themanini. Aliniuzia kwa mia na hamsini, na nikamshukuru.

Sasa, mamangu si mtu wa vitabu. Husoma Biblia na jumbe za M-Pesa, basi. Siku ya baba kusimulia hadithi asubuhi yeye alikuwa akituambia chai inapoa. Kwa hivyo mwezi wa nne nilipomtembelea na stima zikapotea, sikutarajia ainuke, achukue mshumaa, aende kwenye kabati na arudi na Siku Njema. Akaiweka mezani kati yetu.

"Babako alikuwa ananisomea hiki tukingoja foleni pale hospitali," akasema. "Siku ile ya mwisho tuliachia njiani. Huyo kijana alimpata babake?"

Nilimtazama tu. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeichukua ile alama kuwa yangu peke yangu, kumbe yeye ndiye aliyekatiziwa hadithi.

"Nikuambie ama nikusomee?"

"Soma. Na usiruke mahali. Babako alikuwa akiruka pale pa huzuni, alidhani sioni."

Nilitoa kadi nikampa aishike. Sauti ilinikwama kwenye mstari wa pili, akanisukumia kikombe cha maji bila kusema kitu, nikaendelea. Mara kwa mara alinisimamisha kulaumu mhusika fulani kama anayelaumu jirani. Tulipofika ukurasa wa 91 stima zilirudi, televisheni ikajiwasha yenyewe kwa kelele, naye akaenda kuizima.

Tangu siku hiyo huwa naenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa. Nikimaliza kusoma yeye ndiye huichomeka kadi, na hunikagua kama nimeiacha mahali pake. Tuko ukurasa wa 112. Mwisho amenikataza nisimwambie.