Baada ya Adili na Nduguze, Tusome Nini? Kuteua Riwaya ya Fantasia kwa Chama cha Wasomaji

Utangulizi

Katika shule nyingi za upili kuna chama cha Kiswahili, na ndani ya chama hicho aghalabu huzaliwa kundi dogo la wanafunzi wanaokutana mara moja kwa juma kujadili kitabu kisichotahiniwa. Makundi haya huanza kwa hamasa kubwa. Mengi hufa kabla ya muhula kwisha, na kinachoyaua mara nyingi ni kitabu cha pili. Kitabu cha kwanza husomwa kwa sababu jambo lenyewe ni geni. Cha pili kikiwa kigumu kupita kiasi, au kikiwa marudio ya cha kwanza, wanachama huanza kutoa udhuru mmoja mmoja.

Makala haya yanamlenga mwalimu au mtahiniwa ambaye chama chake kimesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), kikavutiwa na majini na manyani, na sasa kinadai fantasia nyingine. Tutafafanua kwanza fantasia ni nini, kisha tutaje vigezo vya uteuzi, na hatimaye tupime riwaya tatu kwa vigezo hivyo.

Fantasia ni nini?

Ifahamike kwamba fantasia si kila kitu kisichowezekana. Msomaji wa Kiswahili hukutana na mambo yasiyowezekana tangu utotoni. Katika hurafa sungura huzungumza. Katika ngano za mazimwi mtu humezwa akatoka mzima. Katika mighani Fumo Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote ila kwa sindano ya shaba kitovuni, naye Lwanda Magere ana mwili wa jiwe na udhaifu wake umo kivulini mwake. Anayefunza fasihi simulizi, basi, tayari anafunza mizizi ya fantasia, hata kama hajaiita hivyo.

Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya aina hii, alitoa maelezo yanayotufaa darasani. Kwa maoni yake, kuna kazi ambamo msomaji hulikubali jambo la ajabu tangu mwanzo kuwa ni sehemu ya ulimwengu wa hadithi. Kuna nyingine ambamo ajabu hufumbuliwa mwishoni kwa sababu za kawaida, kwamba ilikuwa ndoto, hila au maradhi. Kati ya hizo mbili kuna kazi ambamo msomaji husitasita, asijue kama tukio limetendeka kweli au limo katika nafsi ya mhusika. Huko kusitasita ndiko Todorov alikokuita fantasia hasa. Wengi wetu hulitumia neno hili kwa upana zaidi, lakini tofauti hiyo ya hatua tatu itatusaidia kupanga vitabu kwa mfuatano.

Ni vyema pia kutochanganya fantasia na chuku. Waliofanya mtihani wa KCSE mwaka 2018 wanalikumbuka lile jitu katika hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed, 'Tumbo Lisiloshiba', linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kufagia chakula chote. Je, lile ni pande la mtu aliyetiwa chuku, au ni kiumbe cha fantasia? Mwanafunzi anayeweza kutetea jibu lake kwa ushahidi kutoka katika hadithi amekwisha kuingia katika uhakiki.

Vigezo vya uteuzi

Kwanza, ajabu iwe na kanuni. Fantasia nzuri hujiwekea sheria na kuzitii. Katika Adili na Nduguze, Adili hawachapi ndugu zake waliogeuzwa manyani kwa kupenda. Ameamriwa na jini Huria, na amri hiyo ina wakati wake na adhabu kwa anayeikiuka. Ndiyo maana kisa kinatushika. Kama Adili angeweza kuamka siku moja na kuacha tu, hapangekuwa na riwaya.

Pili, ajabu iwe na kazi. Hapa tunapendekeza jaribio rahisi: iondoe ajabu, kisha utazame kilichobaki. Ukiwaondoa majini na manyani katika Adili na Nduguze, utabaki na kisa cha wivu wa ndugu, na visa vya aina hiyo ni vingi mno. Utakachopoteza ni ile picha ya mtu anayelazimika kuwapiga usiku wale anaowapenda, kisha akawabembeleza na kuwalisha. Picha hiyo inauliza swali zito: je, adhabu inaweza kutolewa bila chuki? Ikiwa kitabu kinabaki kilekile baada ya ajabu kuondolewa, basi ajabu yake ni pambo, na chama kitachoka mapema.

Tatu, lugha ilingane na wasomaji. Kitabu kiwe hatua moja juu ya walipo, si ngazi nzima. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni vitabu vyembamba, na wembamba huo huwadanganya walimu. Ploti yake haifuati mkondo wa kawaida, na mazungumzo yake yamejaa falsafa. Walimu na wanafunzi wa vyuo watafaidi. Kidato cha Tatu wakipewa Nagona kama kitabu cha pili, yamkini hawatarudi kwa cha tatu.

Nne, kizue mjadala. Kitabu ambacho wote wanakubaliana kukihusu hujadiliwa kwa dakika kumi.

Tano, kipatikane. Kigezo hiki hudharauliwa ilhali ndicho huamua mambo. Vitabu vingi tutakavyotaja si vya kutahiniwa, hivyo huenda visiwe kwenye rafu ya kila duka. Kabla ya chama kupiga kura, hesabu nakala zilizopo. Nakala nne kwa wanafunzi ishirini zinatosha iwapo sura zitasomwa kwa sauti kwa zamu. Nakala moja haitoshi.

Riwaya tatu zinazoshindania nafasi

(a) Babu Alipofufuka (2001)

Riwaya hii ya Said Ahmed Mohamed inamhusu K, mtu mwenye cheo na raha, anayetokewa na mzuka wa babu yake. Mzuka huo unamtoa katika starehe zake na kumwonyesha hali ya watu ambao amezoea kutowatazama.

Kwa jaribio letu la kuondoa ajabu, riwaya hii inasimama imara. Bila Babu, K angehitaji mtu wa kumwambia ukweli, na watu wa kawaida hawamwambii mkubwa ukweli kwa sababu wanamwogopa. Maiti haogopi kufutwa kazi! Mwandishi amemfufua mzee kwa sababu walio hai wamenyamaza.

Zaidi ya hayo, hapa ndipo kusitasita kwa Todorov kunapojitokeza. Je, Babu ni mzuka kweli, au ni dhamiri ya K inayomsuta? Kila upande una hoja. Anayesema ni mzuka atarejelea imani ya jamii nyingi za Kiafrika kwamba wafu hawaondoki kabisa. Anayesema ni dhamiri atauliza kwa nini anayesumbuliwa ni K. Mjadala huu haukuwezekana katika Adili na Nduguze, ambamo hakuna anayeuliza kama Huria yupo.

(b) Walenisi (1995)

Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyefariki mwaka 2004, anatupa mhusika Dzombo, ambaye anahukumiwa kifo. Njia ya kumwua ni kumrusha angani ndani ya chombo kilichokusudiwa kumwangamiza. Dzombo anakimudu chombo hicho na kutua Walenisi, sayari ambako watu wameijenga jamii ya usawa. Jina lenyewe ni kitendawili chepesi: ukilitenganisha utapata 'wale ni sisi'. Wale wa mbali tunaowastaajabia ni sisi wenyewe, kama tungetaka.

Fantasia hii inaelekea bunilizi ya kisayansi, na huwavutia wanafunzi wanaodhani kwamba Kiswahili hakina vyombo vya angani. Mjadala wake ni wa namna nyingine: je, jamii isiyo na dosari inaweza kusimuliwa bila kuchosha? Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert aliiweka nchi angani ili kuonyesha uonevu wa nchi za ardhini. Mkangi aliiweka sayari huko ili kuonyesha haki. Kulinganisha matumizi hayo mawili ya anga ni kazi nzuri ya vikao viwili.

Tahadhari ni moja. Sehemu kadhaa hueleza mpangilio wa jamii kwa kirefu, na msomaji anayesubiri vituko vya Huria atahisi mwendo umepungua.

(c) Bina-Adamu! (2002)

Kyallo Wadi Wamitila anamtuma msimulizi asiye na jina katika safari ya kuvuka mabara, akiongozwa na Hanna, kumtafuta P.P., yaani Peter Pan. Jina hilo limeazimwa kutoka kwa J. M. Barrie, ambaye tamthilia yake kuhusu mtoto asiyekua iliigizwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1904. Katika riwaya hii P.P. ni nguvu inayouchezea ulimwengu wa utandawazi kama mtoto anayechezea vitu vya wengine.

Hii ni riwaya tajiri, hasa kwa anayefunza mwingilianomatini. Hata hivyo, utajiri huo unamdai msomaji awe na akiba. Asiyejua lolote kumhusu Peter Pan, ukoloni na Vita vya Pili vya Dunia atapitwa na mengi. Tungependa chama kiifikie, lakini kiifikie kikiwa kimekomaa.

Uamuzi

Kwa kuzingatia vigezo vyote, pendekezo letu ni kwamba chama kilichotoka katika Adili na Nduguze kisome Babu Alipofufuka, kisha Walenisi, na hatimaye Bina-Adamu! Mfuatano huu unampeleka msomaji kutoka kwa ajabu inayokubalika bila swali, hadi ajabu inayomfanya asitesite, hadi ajabu inayojenga ulimwengu mzima, hadi ajabu inayohitaji maktaba. Ikiwa nakala zilizopo ni za Walenisi pekee, isomwe hiyo bila majuto. Kitabu kilicho mkononi ni bora kuliko kizuri zaidi kilichoko Nairobi.

Kuna uzi mwingine unaoziunganisha. Katika Adili na Nduguze haki inatoka juu, kwa jini na kwa Mfalme Rai. Katika Babu Alipofufuka inadaiwa na wafu. Katika Walenisi inajengwa na watu wenyewe. Chama kikizisoma kwa utaratibu huu, kitajikuta kinajibu swali moja kwa mwaka mzima: nani mwenye wajibu wa kurekebisha mambo? Swali hilo linawahusu vijana ambao baada ya miaka michache watakuwa wapigakura, na baadhi yao kina K.

Pingamizi mbili

Mzazi anaweza kulalamika kwamba mtoto anasomeshwa habari za majini na mizuka. Asipuuzwe. Aelezwe kwamba katika riwaya hizi mzuka na jini ni mbinu za kuzungumzia wivu, dhuluma na toba, na aalikwe kusoma sura moja. Akiona Huria anaadhibu hasidi, pengine atatulia.

Pingamizi ya pili hutoka kwa mtahiniwa mwenyewe: kitabu hiki hakimo mtihanini, kitanifaa nini? Jibu ni kwamba karatasi ya tatu haimtaki mtahiniwa akumbuke kisa tu. Inamtaka aeleze muktadha wa dondoo, athibitishe kauli na kutoa mifano mwafaka. Anayezoea kubishana na wenzake kama Babu ni mzuka au dhamiri, huku akifungua kurasa kutafuta ushahidi, anafanya zoezi hilohilo bila hofu ya alama.

Hitimisho

Fantasia si njia ya kuukimbia ukweli. Waandishi wetu wameitumia kusema yale ambayo yangekuwa hatari au magumu kusemwa waziwazi. Mwalimu anayeteua kitabu kinachofuata na aanze na swali la kazi ya ajabu, kisha uwezo wa wasomaji wake, kisha idadi ya nakala. Akifanya hivyo, kikao cha juma lijalo kitakuwa na watu.

Maswali ya kujadili chamani

1. Chagua tukio moja la ajabu katika Adili na Nduguze. Liondoe, kisha ueleze riwaya ingepoteza nini.
2. 'Babu katika Babu Alipofufuka ni dhamiri ya K wala si mzuka.' Tetea au upinge kauli hii kwa kutoa mifano mwafaka.
3. Linganisha matumizi ya anga kama mandhari katika Kusadikika na Walenisi.
4. Kwa kurejelea mighani moja unayoijua, onyesha jinsi fasihi simulizi ilivyoirutubisha fantasia ya Kiswahili.