Nani Kasema, na Anauza Nini?

Je, goti linakuuma kila ukitoka kuendesha baiskeli? Rafiki atakwambia, "Nunua pedali za kisasa, nimesoma mahali." Ngoja kwanza! Kasoma wapi?

Magazeti ya baiskeli yameanza zamani. Cycling Weekly la Uingereza lilianza 1891. Hata mashindano ya Tour de France yalianzishwa 1903 na gazeti la L'Auto la Ufaransa, lililotaka kuuza nakala nyingi kuliko mpinzani wake. Biashara imo humo tangu mwanzo. Si vibaya, ila ukisoma sifa za gurudumu jipya, funua ukurasa wa pili: huenda tangazo la kampuni hiyo hiyo linakusubiri.

Mimi nawapenda zaidi mafundi. Sheldon Brown, fundi wa Marekani aliyefariki 2008, aliandika mengi kuhusu gia, breki na mnyororo, na kurasa zake bado zinasomwa bure kwenye intaneti. Hazina picha za kung'aa, lakini zinakueleza kwa nini.

Ushauri mzuri unaujaribu mwenyewe. Kwa mfano, kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukibaki umekunjika, kiti kiko chini mno, na mara nyingi ndiyo sababu mbele ya goti panauma. Pandisha nusu sentimita hivi, endesha siku chache, kisha tazama tena. Usipite alama ya mwisho iliyo kwenye bomba la kiti. Na goti likivimba, weka gazeti chini, nenda zahanati.