Kabla ya kununua ndoo mpya, muulizeni mfanya usafi

Msomaji, umelazwa na mtoto wodini. Umembadilisha pampasi, sasa unatafuta pa kuitupa. Mbele yako kuna ndoo tatu: nyeusi, ya njano na nyekundu. Mtoto analia, mikono imejaa, unatupa kwenye iliyo karibu. Wengi wetu tumeshafanya hivyo.

Asubuhi anakuja mfanya usafi. Anafunga mfuko, anaubeba, unamgusagusa mguuni anapotembea. Kama ndani kuna sindano iliyotupwa kimakosa, yeye ndiye wa kwanza kujua, kwa kuchomwa.

Si jeraha dogo hilo. Asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotumika kwa mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kati ya 100. Kwa virusi vya Ukimwi ni takriban 3 kati ya 1,000.

Taka nyingi hazina hatari

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema asilimia 85 hivi ya taka za hospitali ni za kawaida: makaratasi, maganda ya matunda, chupa za maji. Zenye hatari ni kama asilimia 15 tu. Lakini ukitupa pamba yenye damu kwenye mfuko wa maganda ya ndizi, mfuko mzima unahesabika kuwa wa hatari na lazima uteketezwe.

Kuteketeza kunagharimu mafuta na fedha. Tanuru lisipofikia joto kali, nyuzi 850 au zaidi, plastiki huungua nusu nusu na kutoa sumu ziitwazo dayoksini. Moshi huo unavutwa na wagonjwa walewale na watoto wa mitaa ya jirani. Kwa hiyo kutenganisha taka kunamlinda mfanyakazi, kunaokoa fedha za hospitali na kunapunguza moshi.

Bango peke yake halitoshi

Hospitali nyingi huanza kwa kubandika bango ukutani na kununua ndoo za rangi. Baada ya miezi michache mambo yanarudi kulekule. Mara nyingi sababu ni kwamba mpango ulipangwa ofisini, na wanaozishika taka hawakuulizwa.

Mfanya usafi anajua mambo ambayo mganga mkuu hayaoni. Anajua kwamba boksi la sindano liko mwisho wa korido ilhali sindano zinachomwa kitandani, hivyo muuguzi mwenye wagonjwa wengi hutembea nazo mkononi. Anajua boksi gani hujazwa hadi sindano zinachungulia nje, wakati linatakiwa kufungwa likifika robo tatu. Akiulizwa, dawa yake ni rahisi: boksi likae kwenye toroli ya dawa, limfuate muuguzi.

Hapa Tanzania tunao mfano wa kujifunza. Mwaka 2007 nchi yetu ilianza kutumia njia ya Kijapani ya kuboresha kazi, na Hospitali ya Rufaa Mbeya ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuijaribu. Njia hiyo ina hatua tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Yaani ondoa visivyohitajika, panga vinavyobaki, safisha, weka utaratibu mmoja kwa wote, kisha ufanye uwe mazoea. Kila kitengo huunda timu yake ndogo, na wafanyakazi wenyewe hutaja tatizo, hujaribu suluhisho na kuangalia matokeo.

Hatua ngumu ni ya tano. Wafanyakazi hushikilia walichokiamua wenyewe. Walichoamriwa tu hukiacha msimamizi akigeuka. Hata hivyo, uongozi nao una wajibu wake. Mfanya usafi anayeombwa mawazo huku hana glavu nzito, buti wala chanjo ya homa ya ini B, ataona anachezewa. Vifaa vitangulie, ndipo mkutano ufuate.

Nafasi yako wewe

Ukiwa wodini, muulize muuguzi siku ya kwanza ndoo ipi ni ya nini. Kwa kawaida nyeusi ni ya taka za kawaida, ya njano ni ya zenye maambukizi, na nyekundu ni ya zenye hatari zaidi. Pampasi ya mtoto anayeharisha isitupwe pamoja na maganda. Usiache mtoto achezee ndoo au boksi la sindano.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini, weka sindano zilizotumika kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha uliza kituoni kwako pa kuipeleka. Usizitupe jalalani, watoto huokota.

Na mtu yeyote akichomwa na sindano asiyoijua, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, asilikamue, kisha awahi hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 72.

Mwisho, ukimwona mfanya usafi wa wodi yako, msalimie na umuulize pampasi ile uitupe wapi. Jibu analo.